Mama Anasema

Wanawake wengine wakienda kuangalia ukumbi wa harusi huanza na jukwaa. Fawziya alianza na vyoo. Alifungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, akavuta maji, akanusa, akapitisha kidole juu ya kioo, kisha akatoka akimtazama Bi Nada, msimamizi wa ukumbi, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani.

"Mlango wa tatu haufungi," alimwambia kwa Kiarabu. "Mnataka bibi harusi aende na mtu wa kumshikia mlango?"

"Fundi atakuja, inshallah."

"Lini? Akishapata wajukuu?"

Hala, binti yake, alikuwa nyuma anacheka huku anaandika kwenye simu. Harusi yake ilikuwa imebakia wiki sita, na kwa muda wa mwezi mzima mama na mwana walikuwa wakizunguka miji ya Oman, Ibra kwao, Sur, mpaka Nizwa kwa wakwe, wakikagua kumbi, wapishi, maduka ya nguo na wauza halua. Hala alikuwa amefungua ukurasa wa Instagram kwa ajili ya mabibi harusi wa mkoa wa Sharqiyah. Kila mahali walipokwenda alitoa nyota, moja mpaka tano, na chini ya nyota akaweka kipande chake kilichopendwa kuliko vyote: "Mama Anasema." Fawziya alisema kwa Kiswahili cha Unguja alicholelewa nacho, Hala akakitia Kiarabu, na watu elfu nne wakacheka. Na wallahi walikuwa na haki ya kucheka, kwani Fawziya alikuwa na ulimi.

"Ukumbi hii kubwa, mama," alisema Hala. "Jukwaa yake zuri. Niandike nini?"

"Ukumbi huu, mwanangu. Andika: AC inanguruma kama lori la mchanga linapanda mlima. Bibi harusi akilia hasikiwi, akicheka hasikiwi. Nyota mbili."

"Mbili kidogo! Haram, mama."

"Haya, mbili na nusu. Nusu ni ya mazulia."

Bi Nada hakujua Kiswahili, lakini uso wa Fawziya ulimtosha. Hata hivyo ukumbi waliuchukua, kwa sababu ndio pekee uliokuwa wazi Alhamisi waliyoitaka. Fawziya alitoa arbuni, akaomba risiti, akaisoma mara mbili.

Ndani ya gari Hala alimshika mama yake mkono. "Ukumbi yote utasema ina kasoro," alisema. "Hata ya peponi utaipa nyota nne."

"Ya peponi sijaiona. Washa gari."

Huo ndio ulikuwa wakati wao mzuri. Fawziya hakujua kuwa mtu anaweza kuwa na furaha kiasi kile kwa kutukana vyoo vya watu.


Ijumaa ile alikuja Bi Alyaa kutoka Nizwa, mama yake Ghaith, kijana aliyemposa Hala. Alileta vitambaa na udi, na alikuja kukubaliana saa ya kufunga ndoa. Mapokezi yalikuwa ya Bi Turkiya, mama mkwe wa Fawziya, bibi wa miaka sabini na nane aliyeondoka Unguja akiwa msichana na ambaye mpaka leo, ukimsikia akizungumza, utadhani ameshuka jana.

"Shikamoo, bibi," alisema Bi Alyaa kwa Kiswahili.

Bi Turkiya alishtuka kwa furaha. "Marahaba, mwanangu! Kumbe wasema?"

"Nimezaliwa Tabora. Tulirudi huku nina miaka kumi."

"Hala! Hebu nipe mto huo nikae vizuri. Leo nimepata mtu."

Wajua tena wazee wakipata mtu. Alianza na Tabora, akaingia Unguja, akafika kwa marehemu mumewe, na kutoka kwa mumewe akafika kwenye hadithi aliyoipenda kuliko zote, ile iliyokuwa ikihadithiwa katika kila harusi ya ukoo wao Unguja, watu wakaitikia na wengine wakalia.

"Babu yake marehemu aliletwa Unguja mtoto, meno hayajang'oka, kutoka huko Nyasa. Akaingia nyumba ya Sheikh mmoja mkubwa. Sheikh yule hakumfanya mtumwa, mwanangu. Alimsomesha na wanawe, sahani moja, msala mmoja. Alipobaleghe akamsimamisha mbele ya watu msikitini, akasema, huyu kuanzia leo ni huru, na jina langu ni jina lake. Basi akawa fundi wa kuchonga milango. Mlango wake ukiuona huulizi kachonga nani. Na jina ndilo hilo tunalolichukua mpaka leo."

Bi Alyaa alikuwa na machozi. Aliinama akambusu bibi mkono.

Fawziya alikuwa jikoni anamimina kahawa kwenye birika. Aliyasikia yote. Kwa Unguja ile ilikuwa hadithi ya fahari. Kwa watu wa Nizwa, wanaohesabu mababu kumi na tano bila ya kumeza mate, haikuwa hadithi ya kumhadithia mkwe. Alitamani aliangushe sinia lote sakafuni, finjani zivunjike, watu wakurupuke, maneno yakatike. Lakini hakuliangusha. Alijiambia, huyu mama ana moyo, tena ni wa Tabora. Akapeleka kahawa.


Jumatatu walikwenda Sur kwa ajili ya gauni. Hala aliingia nyuma ya pazia na mshonaji, na Fawziya akakaa kwenye kiti anasubiri, tayari ameshaona kuwa kioo cha duka kimepinda na kinawafanya wanawake wembamba. Alikuwa anafikiri atakisemaje kioo kile, simu ikalia. Bi Alyaa.

"Mama Hala, upo peke yako?"

"Nipo dukani. Kuna nini?"

"Nisamehe. Kosa langu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia akanawa uso. "Nilipofika nyumbani niliwahadithia. Wallahi niliihadithia kwa uzuri, kama alivyoihadithia bibi. Shemeji zangu wakanyamaza. Mmoja akaniuliza, kwa hivyo jina lile si lao, wamepewa? Nikasema, wamepewa kwa heshima. Akasema, nimeuliza wamepewa au hawakupewa."

Fawziya aliangalia pazia lisifunguke.

"Tangu siku ile hapana usingizi nyumbani. Wamesema ndoa haiwi. Wanasema watoto wa kabila lao hawawezi—" Alikatika. "Siwezi kukwambia waliyoyasema."

"Usiniambie. Na Ghaith?"

"Ghaith amelia."

"Ana miaka ishirini na nane, Bi Alyaa. Kulia tu?"

"Hawezi kuwavuka ammi zake, hao shemeji zangu. Mahari yatoka kwao, kazi yake kwao, nyumba yao." Alivuta kamasi. "Nimemkataza asimwambie Hala sababu. Atamwandikia kuwa wazee wameamua, basi. Nimeona aibu, dada yangu. Mimi nimekula kwenu."

"Mama!" Hala aliita nyuma ya pazia. "Usiangalie bado!"

Fawziya alikata simu. Pazia likafunguliwa. Hala alisimama katikati ya duka na gauni jeupe lenye mikono mirefu ya nakshi, shingo imenyooka, mikono ameiweka mbele kama hajui aiweke wapi. Alikuwa mzuri. Jamani, alikuwa mzuri mpaka mshonaji mwenyewe alisema mashallah mara tatu.

"Sema, mama. Nyota ngapi?"

Fawziya katika maisha yake hakuwahi kumpa mtu nyota tano.

"Tano," alisema.

"Tano? Una homa?" Hala alicheka. "Na kasoro yake? Watu watangojea kasoro."

"Halina kasoro, mwanangu. Vua twende."


Khelef, mumewe, naye alikuwa ameshapigiwa. Ammi yake Ghaith alimwita akhi, ndugu yangu, akamuulizia afya, akamuulizia mvua, kisha akamwambia nasibu haikuandikwa. Khelef alikuwa karani wa idara ya maji, mtu mpole, asiyewahi kumpandishia mtu sauti. Jioni alimkuta Fawziya anashusha mifuko, akamwambia aingie kwenye gari, wakakaa humo mbele ya lango na injini inawaka ili AC isizime.

"Babu yangu alizaliwa na jina hili," alisema Khelef. "Baba yangu amekufa nalo. Mimi nimesimamia sala ya mvua nalo, na hao hao walisimama nyuma yangu." Alipiga usukani kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayepima tikiti. "Mama asijue."

"Nimefikiri hivyo hivyo."

"Akijua kuwa ni hadithi yake ndiyo iliyovunja harusi ya mjukuu wake, na kuwa marehemu wake ndiye aliyekuwa aibu, hatakula tena, Fawziya. Namjua mama yangu. Na Hala akijua, atamwangalia bibi yake kwa jicho jengine. Hatataka, lakini atamwangalia."

Fawziya aliangalia taa ya chumba cha Bi Turkiya, iliyokuwa imewaka. Ndani bibi alikuwa anangojea aje ahadithiwe habari za gauni.

"Niachie mimi," alisema.

"Utasema nini?"

"Nitasema ni ulimi wangu. Nani atabisha? Nina mashahidi elfu nne."

Khelef alikamata ufunguo. Alikuwa anataka kumkataza, na alikuwa anataka asimkataze. Alizima injini.


Aliwaambia kesho yake baada ya chai, wote wamekaa. Hala alikuwa ameshapata ujumbe wa Ghaith alfajiri, maneno sita, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ni mimi," alisema Fawziya. "Mnakumbuka lile duka la halua la Nizwa?"

Walilikumbuka. Nani asilikumbuke? Nyota moja. Mama Anasema: halua hii samli yake imehudhuria harusi ya bibi yangu.

"Mwenye duka ni jamaa yao. Wamechukia. Wamesema hawaoi kwenye nyumba isiyo na adabu."

Bi Turkiya alishika kifua. "La ilaha illallah. Kwa samli?"

Fawziya alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alitaka Hala apige kelele, aseme nakuchukia, apige mlango. Yote hayo aliyapima usiku akaona atayabeba. Lakini Hala alikuwa anaikunja ncha ya shela yake, anaikunjua.

"Lakini wewe ulisema kwenye gari tu," alisema mwisho. "Mimi ndio niliandika."

"Mimi nilisema, mwanangu."

"Ulinambia hii usiandike. Nakumbuka. Ulisema mwenye duka mzee, tumwache. Mimi nikaandika kwa sababu watu wanapenda." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mimi nimevunja harusi yangu mwenyewe."

Hilo Fawziya hakulipima. Alimwangalia mumewe. Khelef alikuwa anaangalia mkeka.

"Si wewe," alisema Fawziya. "Wallahi si wewe."

"Usiape, mama," alisema Hala. "Dhambi."

Akatoa simu, akaanza kuufuta ukurasa. Hakuufuta wote kwa mara moja. Alifuta ukumbi mmoja mmoja, duka moja moja, na kila kimoja alikisoma kwanza.


Wiki ile ile Hala alisema lazima waende wakaombe radhi. Kama watu wamevunjwa mioyo kwa maneno yake, basi Mungu hatampa mume mwengine mpaka wamsamehe. Nizwa Fawziya alimkataza kabisa, akamwambia tusizidi kuwatia watu hasira. Ibra hakuweza kumkataza. Walikwenda kwa mpishi wa biriani, wakaomba radhi kwa mchele. Walikwenda kwa mama wa hina katika soko la wanawake, wakaomba radhi kwa hina iliyokuwa na maji, na yule mama akawaangalia kama wendawazimu kwa sababu ukurasa wenyewe hakuwahi kuuona.

Kwa Bi Nada walikwenda kwa mawili, radhi na kuvunja mkataba wa ukumbi.

"Arbuni hairudi," alisema Bi Nada kabla hawajakaa. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na mahali kama Ibra habari hazihitaji gari. Aliegemea kiti. "Niandike sababu gani kwenye fomu?"

"Andika tumeghairi," alisema Fawziya.

"Mmeghairi nyinyi, au wao?"

"Andika unavyotaka."

Bi Nada aliandika, na hakuwa na haraka. Hala alisimama mbele ya meza yake, mikono mbele, kama alivyosimama dukani Sur. "Khala Nada, tumekuja kuomba radhi. Tuliandika maneno mabaya kuhusu AC yako."

"Naam?" Bi Nada alitega sikio. AC ilikuwa inanguruma.

"Nasema, maneno tuliyoandika kuhusu AC!"

"Sisikii, binti yangu. Mama yako aseme."

Fawziya alijua kuwa anasikia. Alijua pia kuwa mlango wa tatu wa choo bado haufungi, maana alikuwa ameshapita. Alisogea mbele, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, mbele ya wafagiaji wawili na mteja mmoja aliyekuja kuangalia jukwaa.

"Nilisema AC yako ina kelele! Nilikosea! Haina kelele!"

"Ahsante," alisema Bi Nada. "Mungu atusamehe sote."

Hala aliendesha mpaka nyumbani na mikono yote miwili kwenye usukani.


Bi Turkiya alikaa siku kumi bila ya kusema na mkwewe ila la lazima. Siku ya kumi na moja alitoka chumbani amevaa buibui lake la zamani.

"Nitie kwenye gari unipeleke Nizwa," alimwambia Fawziya. "Yule mama alinibusu mkono. Nikimwendea mimi hatanirudisha. Nitamwambia, mkwe wangu ana mdomo lakini nyumba ina asili yake. Nitamwambia habari za marehemu tena, akumbuke mwanawe anaoa kwa nani."

Fawziya alimshika mkono akamkalisha. "Safari ndefu, mama. Mpigie simu kwanza. Ngoja nikutafutie namba."

Alikwenda na simu mpaka uani, nyuma ya kamba za nguo, akapiga yeye kwanza.

"Bi Alyaa, sikupigii kwa ndoa. Ndoa imekwisha. Mkwe wangu atakupigia sasa hivi. Akikuuliza kwa nini, mwambie ni kwa sababu yangu. Niliitukana halua ya duka lile la Nizwa, na mwenye duka ni jamaa yenu."

"Lakini yule mzee si jamaa yetu."

"Kuanzia leo ni jamaa yenu."

"Na binti yako anaamini hivyo?"

"Anaamini."

"Na wewe? Watu watakusema umri wako wote."

"Mimi nimezoea kuwasema, na wao wanaweza kunisema." Alisogeza shuka kwenye kamba. "Nisaidie, dada yangu. Ulikula kwetu."

Bi Alyaa alilia kidogo. "Nitasema," alijibu.

Na alisema. Bi Turkiya hasikii vizuri, kwa hivyo simu iliwekwa kwa sauti kubwa katikati ya mkeka, na nyumba nzima ikasikia. Bi Alyaa alisema ndiyo, bibi, ni ile halua. La, bibi, hapana jengine. La, nyumba yenu tunaiheshimu. Ni maneno tu ya Mama Hala, shemeji zangu yamewauma. Shikamoo, bibi. Nisamehe, bibi.

Bi Turkiya alibonyeza simu kwa kidole gumba mpaka ikazimika. Hala alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa amekonda. Fawziya alikuwa amepiga magoti, anakusanya finjani.

"Umesikia?" alisema bibi. "Kwa mdomo wake mwenyewe. 'Hapana jengine.'"

"Nimesikia, mama."

"Mie sikuchukii, Fawziya. Umenitazama miaka thelathini, mwanangu wa kumzaa asingenitazama hivyo. Lakini lazima nikwambie." Alimshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Mie nilikaa na yule mama saa nzima. Nilisema naye taratibu, kwa adabu, nikampa hadithi ya marehemu mpaka machozi yakamtoka. Nyumba hii niliipandisha juu. Wewe ukaja ukaishusha kwa halua."

Hala aliinamisha uso. Khelef, aliyekuwa amesimama kwenye ujia, aliondoka, na wakamsikia anafungua bomba la maji uani na kuliacha linamwagika.

"Basi sikiliza," alisema Bi Turkiya, na sauti yake ikawa laini. "Mjukuu wangu ni mzuri, atakuja mwengine. Wakija wakwe, wewe kaa jikoni na kahawa yako, usitie neno. Mie ndiye nitakayezungumza nao. Nitawahadithia vizuri, tangu mwanzo, walijue jina letu lilivyokuja."

Fawziya aliziweka finjani kwenye sinia moja moja. Kisha akainama, akambusu mkwewe mkono.

"Ndiyo, mama," alisema. "Utazungumza wewe."